Jinsi MRI inavyotambua aina ya uvimbe wa ubongo bila kutoboa fuvu

MTU anapoambiwa na daktari kwamba ndani ya kichwa chake mna uvimbe, swali linalomjia kwanza ni moja: Je, ni saratani? Swali hilo huonekana jepesi, lakini kwa muda mrefu jibu lake lilipatikana kwa njia moja tu, nayo ni kutoboa fuvu, kuchukua kipande kidogo cha uvimbe huo na kukipeleka maabara ili kitazamwe kwa hadubini.

Njia hiyo, ambayo wengi huiita kuchukua kinyama, ndiyo inayotegemewa hadi leo. Hata hivyo, ubongo si sawa na ngozi au titi. Sindano inayopenya ndani yake yaweza kusababisha damu kuvuja, mwili kupooza upande mmoja au mgonjwa kupoteza uwezo wa kuzungumza. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaofanyiwa kipimo hicho, takriban mmoja hupoteza maisha kutokana nacho, na wengine wachache hubaki na madhara ya kudumu.

Kuna tatizo la pili. Sindano huchukua sehemu ndogo sana, ilhali uvimbe mmoja waweza kuwa mpole upande mmoja na mkali upande mwingine. Sindano ikiangukia upande ulio mpole, mgonjwa ataambiwa kwamba hali yake si mbaya wakati ukweli ni kinyume chake.

Tatu, zipo sehemu za ubongo ambazo ni vigumu kuzifikia kwa usalama. Mfano ni shina la ubongo, mahali panapoongoza upumuaji na mapigo ya moyo. Watoto wengi wenye uvimbe wa hapo wamekuwa wakianzishiwa matibabu kwa kutegemea picha peke yake.

Ni kwa sababu hizo wataalamu wa radiolojia wametumia zaidi ya miaka 20 kuifundisha mashine ya MRI kazi mpya. Mbali na kuonyesha uvimbe uko wapi na una ukubwa gani, sasa inatakiwa ieleze pia uvimbe huo ni wa aina gani.

Kwa nini aina ya uvimbe ni muhimu?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linatambua zaidi ya aina 100 za uvimbe unaoota katika ubongo na uti wa mgongo. Aina hizo hupangwa katika madaraja, kuanzia la 1 ambalo ni la uvimbe unaokua polepole, hadi la 4 ambalo ni la saratani kali kuliko zote.

Tofauti kati ya daraja moja na jingine ni kubwa mno. Meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, mara nyingi ni wa daraja la 1 na mgonjwa aweza kupona kabisa baada ya upasuaji. Wapo hata wanaoachwa bila kufanyiwa upasuaji, wakapigwa picha kila baada ya muda ili kuhakikisha kwamba uvimbe haukui.

Kwa upande mwingine iko glioblastoma, ambayo ni ya daraja la 4. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wagonjwa waliopata mionzi peke yake waliishi kwa wastani wa takriban miezi 12, na walioongezewa dawa ya temozolomide takriban miezi 15. Kati ya aina hizo mbili iko oligodendroglioma, ambayo mgonjwa wake aweza kuishi zaidi ya miaka 10 akitibiwa vizuri.

Mambo yalibadilika zaidi mwaka 2008, wanasayansi nchini Marekani walipogundua kwamba baadhi ya uvimbe wa ubongo una hitilafu katika jeni iitwayo IDH. Baadaye ilibainika kwamba wagonjwa wenye hitilafu hiyo huishi muda mrefu kuliko wasiokuwa nayo, hata kama uvimbe wao unafanana chini ya hadubini.

Kutokana na ugunduzi huo, WHO ilibadilisha mfumo wake wa kuupanga uvimbe mwaka 2016, na kwa kina zaidi mwaka 2021. Siku hizi jina la uvimbe hutolewa kwa kuangalia umbo la seli pamoja na jeni zake. Aidha, mwezi Agosti 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya vidonge iitwayo vorasidenib, mahsusi kwa glioma za daraja la 2 zenye hitilafu hiyo. Kwa maana hiyo, mgonjwa asiyejua aina ya uvimbe wake hawezi kujua hata dawa inayomfaa.

MRI hufanyaje kazi?

MRI haitumii mionzi kama zinavyotumia mashine za eksirei na CT-Scan. Hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio. Sumaku ya mashine nyingi za hospitali ina nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni kama mara 30,000 ya nguvu ya usumaku wa dunia unaozungusha mshale wa dira.

Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na kila chembe ya maji ina haidrojeni. Kiini cha haidrojeni hufanya kama kisumaku kidogo. Mgonjwa anapolazwa ndani ya mashine, visumaku hivyo hujipanga kufuata sumaku kubwa. Kisha mashine hutuma mawimbi ya redio yanayovipotosha, na mawimbi yanapokatwa, visumaku hurejea mahali pake huku vikitoa mawimbi hafifu. Kompyuta huyanasa mawimbi hayo na kuyageuza kuwa picha.

Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza, waliobuni namna ya kutengeneza picha hizo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2003.

Picha za kawaida za MRI huonyesha umbo. Daktari hutazama kama uvimbe una kingo zilizonyooka, kama umezungukwa na maji, na kama unang'aa baada ya mgonjwa kudungwa dawa yenye madini ya gadolini. Kwa kawaida dawa hiyo haipenyi kuingia katika ubongo wenye afya. Mahali inapopenya ni ishara kwamba mishipa ya damu ya hapo imeharibika.

Lakini umbo hudanganya. Upo uvimbe wa daraja la 1 unaong'aa sana, hasa kwa watoto, na upo uvimbe mkali usiong'aa hata kidogo. Hapo ndipo mbinu mpya zinapohitajika.

Mwendo wa maji

Mbinu ya kwanza hupima jinsi chembe za maji zinavyotembea ndani ya ubongo. Mahali penye nafasi maji husambaa kwa urahisi, na mahali palipojaa seli nyingi zilizobanana maji hukwama, mithili ya mtu anayejaribu kupita sokoni siku ya gulio.

Mbinu hii huchukua dakika chache, haihitaji sindano na imo katika karibu mashine zote za MRI za kisasa. Faida yake kubwa huonekana pale daktari anapokutana na pete inayong'aa ndani ya ubongo. Pete hiyo yaweza kuwa glioblastoma iliyooza katikati, na yaweza kuwa jipu lililojaa usaha.

Katika picha za kawaida, jipu na saratani hiyo hufanana mno. Lakini usaha ni mzito, hivyo maji yaliyomo hukwama na katikati ya pete hung'aa sana katika picha ya mwendo wa maji. Ndani ya saratani iliyooza maji hutembea, na kwa kawaida mng'ao huo hauonekani. Tofauti hiyo yaweza kuokoa maisha, kwa sababu jipu hutibiwa kwa kunyonywa usaha na kupewa dawa za kuua bakteria, tena bila kuchelewa.

Mtiririko wa damu

Mbinu ya pili hupima damu. Saratani inayokua haraka huhitaji chakula kingi, hivyo huotesha mishipa yake mipya ya damu. Kadiri uvimbe unavyokuwa mkali, ndivyo mara nyingi unavyokuwa na damu nyingi zaidi.

Mgonjwa hudungwa dawa ya gadolini kwa haraka kupitia mshipa wa mkono, huku mashine ikipiga picha kila baada ya sekunde moja au mbili. Kompyuta huhesabu kiasi cha damu kilichopita katika uvimbe na kukilinganisha na sehemu yenye afya upande wa pili wa ubongo. Kwa wasioweza kupewa dawa hiyo, kama vile baadhi ya wagonjwa wa figo, ipo njia nyingine inayotumia maji ya damu yenyewe kama alama.

Ubora na udhaifu wa mbinu hii ulionekana wazi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Meng Law na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York. Walichunguza wagonjwa 160 wenye glioma, ambao majibu yao ya maabara yalikwishajulikana. Kati yao 120 walikuwa na uvimbe mkali na 40 walikuwa na uvimbe wa daraja la chini.

Kwa kutumia picha za kawaida, madaktari walitambua asilimia 72.5 ya wenye uvimbe mkali. Yaani wagonjwa 33 kati ya 120 wangeambiwa kwamba uvimbe wao ni mpole. Walipotumia kipimo cha damu na kuweka mpaka kwenye mara 1.75 ya sehemu yenye afya, walitambua asilimia 95. Waliokosewa walipungua kutoka 33 hadi sita.

Hata hivyo, faida hiyo ilikuwa na gharama. Kati ya wagonjwa 40 wenye uvimbe wa daraja la chini, 17 walihesabiwa kimakosa kuwa na uvimbe mkali, ilhali kwa picha za kawaida waliokosewa hivyo walikuwa 14. Mojawapo ya sababu zinazojulikana za kosa la namna hiyo ni oligodendroglioma, ambayo kwa asili huwa na mishipa mingi ya damu hata ikiwa ya daraja la chini.

Kipimo hicho husaidia pia kutofautisha saratani iliyoanzia ndani ya ubongo na ile iliyosambaa kutoka mapafu, titi au kiungo kingine. Saratani iliyosambaa husukuma ubongo pembeni, na maji yanayoizunguka huwa ni maji tu. Glioblastoma hujipenyeza kama mizizi, hivyo hata nje ya pete kipimo huonyesha damu kupita kiasi.

Aidha, miezi michache baada ya tiba ya mionzi, picha ya kawaida yaweza kuonyesha uvimbe umeongezeka wakati ni kovu na seli zilizokufa. Kiasi kidogo cha damu hapo humpa daktari sababu ya kusubiri na kupiga picha nyingine kabla ya kubadilisha dawa au kumrudisha mgonjwa katika chumba cha upasuaji.

Kemikali za ndani ya uvimbe

Mbinu ya tatu haitoi picha ya kawaida bali mchoro wenye vilele. Kila kilele kinawakilisha kemikali iliyomo katika sehemu ya ubongo iliyochaguliwa.

Kemikali moja, iitwayo kwa kifupi NAA, hupatikana katika seli za fahamu zilizo hai. Ikipungua ni dalili kwamba seli hizo zimekufa au zimesukumwa kando. Kolini, inayohusika na utengenezaji wa kuta za seli, hupanda pale seli zinapozaliana kwa kasi. Laktati huonyesha upungufu wa oksijeni, na mafuta huashiria nyama iliyooza. Alanini inapoonekana, daktari hufikiria meninjioma.

Hatua kubwa ilifikiwa mwaka 2012. Miaka mitatu kabla ya hapo ilikuwa imegunduliwa kwamba uvimbe wenye hitilafu ya jeni ya IDH hulimbikiza kemikali iitwayo 2HG, ambayo katika ubongo wenye afya ni kidogo mno. Makundi ya watafiti nchini Marekani yakafaulu kuiona kemikali hiyo kwa MRI, ndani ya vichwa vya wagonjwa walio hai. Kwa mara ya kwanza, hitilafu ya jeni iliweza kuonekana bila kugusa fuvu.

Kipimo hicho si rahisi. Kilele cha 2HG hujificha nyuma ya vilele vya kemikali nyingine, na uvimbe ukiwa mdogo au mgonjwa akitikisika, majibu hupotea. Kwa sababu hiyo bado hufanyika zaidi katika vituo vya utafiti.

Ipo alama nyingine rahisi zaidi, iliyoelezwa katika utafiti wa mwaka 2017. Uvimbe ukionekana mweupe wote katika aina moja ya picha, kisha ukawa mweusi katikati na mweupe pembeni katika aina nyingine, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni astrositoma yenye hitilafu ya IDH. Alama hiyo haihitaji mashine maalumu, bali jicho la daktari aliyefunzwa. Upungufu wake ni kwamba wagonjwa wengi wenye hitilafu hiyo hawaionyeshi, hivyo kutoonekana kwake hakuthibitishi chochote.

Kompyuta nazo zimeingizwa

Mbinu hizo huzalisha mamia ya picha kwa mgonjwa mmoja. Tangu mwaka 2012 wataalamu wa kompyuta wamekuwa wakishindana katika mashindano ya kimataifa yaitwayo BraTS, wakitengeneza programu za kuchora mipaka ya uvimbe wa ubongo katika picha za MRI. Kazi hiyo sasa hufanywa na kompyuta kwa usahihi mkubwa.

Kubashiri jeni ni jambo jingine. Katika mashindano ya mwaka 2021, washiriki walitakiwa kutumia picha kubashiri hali ya jeni ya MGMT, inayosaidia kujua kama temozolomide itafanya kazi vizuri. Matokeo ya mshindi yalikuwa juu kidogo tu ya yale ambayo mtu angeyapata kwa kurusha sarafu.

Suala jingine ni asili ya picha zenyewe. Programu nyingi zilifundishwa kwa picha za wagonjwa wa Marekani na Ulaya, zilizopigwa kwa mashine zenye nguvu. Mwaka 2023 mashindano hayo yaliongeza sehemu ya wagonjwa wa Afrika Kusini mwa Sahara, ambao mara nyingi hufika hospitali uvimbe ukiwa mkubwa na picha zao zikiwa za ubora wa chini.

Hali katika ukanda wetu

Katika Afrika Mashariki, mashine za MRI zinapatikana zaidi katika hospitali kubwa za miji kama Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kwa mkazi wa mbali na miji hiyo, nauli, malazi na gharama ya kipimo ni kikwazo kabla hata ya kuzungumzia mbinu mpya.

Pamoja na hayo, mbinu hizi zina umuhimu wa pekee hapa kwetu, kwa kuwa si kila uvimbe kichwani ni saratani. Kifua kikuu chaweza kutengeneza vinundu ndani ya ubongo vinavyofanana na saratani. Katika kipimo cha kemikali, vinundu hivyo mara nyingi huonyesha kilele kikubwa cha mafuta.

Vilevile, mtu mwenye virusi vya ukimwi ambaye kinga yake imeshuka aweza kupata vimelea vya toksoplasma kwenye ubongo, au saratani ya limfoma. Picha za kawaida za magonjwa hayo mawili hufanana, lakini limfoma kwa kawaida huwa na damu nyingi zaidi kuliko toksoplasma. Toksoplasma na kifua kikuu hutibika kwa dawa. Kumpasua mgonjwa ambaye angepona kwa vidonge ni hasara kwake na kwa hospitali.

Je, kuchukua kinyama kutakoma?

Jibu kwa sasa ni hapana. Uainishaji wa WHO wa mwaka 2021 unategemea jeni, na jeni nyingi bado husomwa maabara. Hata vorasidenib imeidhinishwa kwa wagonjwa waliokwishafanyiwa upasuaji au kuchukuliwa kinyama.

Linalobadilika ni mpangilio wa kazi. Picha ya mtiririko wa damu humwongoza daktari bingwa aelekeze sindano kwenye sehemu iliyo kali zaidi, ili jibu la maabara lisipotoshe. Ramani ya nyuzi za fahamu, inayotokana na mwendo wa maji, humwonyesha njia za kuepuka ili mgonjwa asipooze. Kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake hauwezi kufikiwa, au ambaye hana nguvu za kustahimili upasuaji, MRI huwa ndiyo msingi mkuu wa uamuzi.

Mgonjwa au ndugu yake anaweza kumuuliza daktari maswali machache: Je, picha ya mwendo wa maji imepigwa? Je, kipimo cha damu kinaweza kufanyika hapa? Je, picha zimesomwa na daktari bingwa wa radiolojia pamoja na bingwa wa upasuaji wa ubongo? Ni vyema pia kuomba nakala ya picha zote, kwa kuwa daktari wa hospitali nyingine atazihitaji ili kulinganisha.

Kabla ya kuingia kwenye mashine, mgonjwa anapaswa kueleza kama ana chuma chochote mwilini, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au ugonjwa wa figo. Tangu mwaka 2006 imejulikana kwamba baadhi ya dawa za gadolini zaweza kuwadhuru watu ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi, na kwao huchaguliwa dawa salama zaidi au kipimo kisichohitaji sindano.

Dalili zinazopaswa kumpeleka mtu hospitali bila kuchelewa ni pamoja na kifafa kinachoanza ukubwani, maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku hasa asubuhi na kuambatana na kutapika, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kuona kwa shida, au mabadiliko ya tabia yasiyo na maelezo. Dalili hizo huweza kusababishwa na magonjwa mengine mengi, na ni vipimo vya hospitali vitakavyoonyesha chanzo chake.